Forebears: tovuti inayofaa kwa kutafuta asili ya jina la ukoo

Andika jina, upate idadi ya wenye jina hilo katika kila nchi, uwiano wao na nafasi ya jina. Anza na uwiano, usikimbilie idadi. Kina Murphy wengi zaidi wako Marekani, lakini kwa uwiano inaongoza Ayalandi, na huko ndiko jina lilikotoka: Ó Murchadha, yaani mzao wa Murchadh, jina lenye maana ya shujaa wa baharini. Kisha fungua takwimu za 1881 za Uingereza, zinazoonyesha ukoo ulikuwa wapi kabla ya uhamaji wa karne ya 20. Hapo ndipo tovuti inapong'aa kweli.

Takwimu za leo ni makadirio. Kila tahajia huhesabiwa peke yake, kwa hiyo tafuta Murphy, halafu Ó Murchú, umbo la jina hilo katika Kiayalandi cha leo. Maelezo ya maana ya majina ni mafupi mno. Yathibitishe kwenye kamusi ya majina.