Msoma viganja wa Majengo, Dodoma: mlipe kwa uchoraji wake

Karibu na Soko la Majengo, jijini Dodoma, yupo mzee mmoja ambaye watu humfuata ili awasomee viganja, ingawa kwa maoni yangu kinachostahili fedha yao ni jicho lake la uchoraji. Zamani aliandika vibao vya maduka kwa brashi na kuchora vichwa kwenye kuta za vinyozi. Mashine za kuchapa mabango zilipoenea kazi ilipungua, na hata Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi mpya zilitundika mabango yaliyochapwa. Akageukia kuchora watu kwa penseli. Anasimulia kwamba mikono ilimsumbua kuliko nyuso, hivyo akawa anawaomba watu viganja vyao ajifunzie, nao wakaanza kumwuliza anaona nini humo. Adolphe Desbarrolles (1801–1886), mchoraji wa Ufaransa, naye aliishia kuwa msoma viganja mashuhuri, na mwaka 1859 akatoa kitabu juu ya siri za mkono.

Mzee huyu hukielekeza kiganja chako kwenye mwanga, akabonyeza shina la gumba, kisha akafuata mstari wa uhai, wa akili na wa moyo kwa ncha ya penseli pasipo kuigusa. Fundi mwashi aliyenitangulia alionyeshwa nyufa za saruji vidoleni, akashauriwa anawe vizuri kila amalizapo kazi na kupaka mafuta. Mimi aliniambia, "Mama, mkono huu umeshika sana kalamu," akionyesha sugu ndogo kwenye kidole cha kati.

Alipoingia kwenye habari za ndoa na umri wa kuishi, sikushawishika. Mikunjo ya kiganja huumbika mtoto angali tumboni, na hakuna ushahidi kwamba urefu wa mstari wowote huonyesha urefu wa maisha. Namsifu, hata hivyo, kwa jambo lililo zito katika nchi yetu: hapigi ramli chonganishi. Kijana mmoja alipotaka kutajiwa jirani aliyemfungia riziki, mzee alimrudishia fedha yake na kumwomba aondoke.

Kusomewa ni shilingi 5,000, na kuchorewa kiganja kwenye karatasi ngumu ni shilingi 10,000. Chagueni mchoro. Nilimpeleka mama yangu mzazi, ambaye amesaga uwele kwenye jiwe tangu usichana wake, na mzee akachora kila kifundo kilichovimba na kila mkunjo wa ngozi kwa uaminifu ambao picha za simu zetu hazijawahi kuufikia. Mchoro huo tumeutia fremu.

Dosari kubwa ni mahali penyewe: kiti cha mteja ni kimoja, kivuli ni haba, na upepo ukianza kupeperusha vumbi yeye hufunika karatasi zake na kuacha kuchora. Nendeni asubuhi, hasa mkiwa na mtu mzima.