Pikipiki ya theluji ya milimani: ipi ununue, ipi uiache

Ukiishi Calgary au Edmonton, Kanada, ikifika Februari wenzako kazini hawana habari nyingine ila Revelstoke, Golden na Valemount, miji ya milimani ya British Columbia wanakokwenda kuendesha pikipiki za theluji. Anayetaka kujiunga nao huingia kwenye matangazo ya mitumba na kuuliza nguvu za farasi. Aulize mkanda. Theluji ya unga haina mahali pa kukanyaga, ni kama gunia la sembe lililofunguliwa. Kinachokuzuia usizame ni ukubwa wa ule mkanda wa mpira unaozunguka chini, pamoja na urefu wa meno yake.

Mkanda hupimwa kwa inchi, mzunguko mzima. Wa 129 au 137 ni wa njia zilizoshindiliwa na mitambo. Ukiupeleka kwenye unga, siku nzima utaimaliza na sepetu mkononi. Mikanda ya milimani huanzia 146, kisha 154, 165, hadi 175. Meno yawe inchi 2.5 hadi 3. Mkanda mrefu huelea vizuri na kupanda sana, ila hugeuka kwa ubishi katikati ya miti. Mtu wa kilo 70 hadi 90 anatoshwa na 154. Ukizidi kilo 100 ukiwa na mkoba mgongoni, chukua 165.

Kwa anayeanza, tunazipanga hivi:

1. Injini ya 850 (ujazo wa cc 850) ya mtumba, umri miaka 3 hadi 6, mkanda 154. Ski-Doo Summit na Polaris RMK ndizo zilizojaa sokoni, hivyo vipuri na mafundi hawakosekani. Ni injini za mipigo miwili, zinachoma oili pamoja na petroli, na pikipiki nzima ina karibu kilo 200 kabla ya kujaza mafuta. Rotax ya 850, ambayo ni injini ya Ski-Doo, hutoa nguvu za farasi 165 hivi. Kila unapopanda mita 300 injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3, kwa hiyo ukiwa kwenye mita 2,100 umebaki na kama 130. Zinatosha kabisa. Halafu msimu wa kwanza utagonga mti, hilo lihesabu kama limeshatokea. Heri ugonge kwa cha mtumba.

2. Injini ya 600, mkanda 146 au 154. Kwa mtu mwepesi hii ingeshika namba moja. Inakufundisha kutumia mwili kuilaza na kuigeuza, badala ya kutegemea mafuta.

3. Mpya ya 850 bila turbo. Inapita dola 15,000 za Kanada kwa urahisi, kabla ya kodi. Faida yake ni waranti. Ukiamua, weka oda majira ya kuchipua, kwa sababu ndipo viwanda hutoa ofa za waranti ndefu na machaguo ambayo hayafiki dukani.

4. Ya turbo. Ski-Doo ya turbo hushikilia nguvu 180 hadi karibu mita 2,400. Ni mashine tamu kwa anayejua. Asiyejua hubonyeza, mkanda huchimba, naye huishia ndani ya shimo la kimo chake. Pesa ya kubeba maboksi isiishie hapo.

5. Za mchanganyiko (nusu za njiani, nusu za unga), za kazi na za abiria wawili. Za kazi zina mkanda mpana na huelea, lakini ni nzito, na kuikatiza kwenye ubavu wa mlima ni kutafuta balaa.

Kuhusu Yamaha: ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha kutengeneza pikipiki za theluji, na za modeli ya 2025 ndizo za mwisho. Utakuta bei nzuri, ila ulizia kwanza kama fundi wa karibu bado anazishughulikia.

Ukienda kukagua ya mtumba, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa na joto, muulize kulikoni, maana ubishi wa kuwaka hujificha kwenye joto. Pima kompresheni kwa geji, plagi zote zikiwa nje na mkono wa mafuta umebonyezwa mpaka mwisho. Silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Kisha lala chini na kurunzi. Angalia kama mikono inayoshika ski imepinda, kama fremu ya alumini inayofunika mkanda kwa juu (tunnel) ina mikunjo au nyufa, kama meno yamechanika kwenye mzizi, na kama plastiki za reli, ambazo mkanda huteleza juu yake, zimelika. Rangi mpya sehemu moja tu ya chini ina sababu yake. Namba ya fremu iliyogongwa kwenye tunnel hiyo ilingane na karatasi.

Belti ya klachi nayo ina habari zake. Baada ya mwendo wa dakika 10, zima injini, fungua kifuniko uiguse. Ikiunguza vidole, huenda klachi hazijanyooka, na belti hiyo itakatika ukiwa mbali na gari. Belti ya akiba hubebwa kila safari. Jambo jingine: injini hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda, kwa hiyo kwenye njia ya barafu ngumu joto hupanda haraka. Hakikisha ina vikwaruzio vya barafu, yaani vijiti vinavyoikwangua ili iruke na kupoza injini, na uvishushe.

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Kabla ya kutoa hata senti ya malipo ya awali, tenga za transiva, kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa na maporomoko ya theluji, iwe ya dijitali yenye antena tatu (zote hutumia kilohezi 457), sepetu ya alumini na fimbo ya mita 3 ya kuchomea theluji kumtafuta aliye chini. Mkoba wenye puto, linalojaa hewa ili ubaki juu theluji inapoporomoka, ufuate. Transiva huvaliwa mwilini, chini ya jaketi. Ukiiweka kwenye mkoba wa pikipiki, wenzako wataipata pikipiki. Simu ikae sentimita 20 mbali nayo, na 50 wakati wa kutafuta. Aliyefukiwa ana dakika 10 hivi za matumaini makubwa, baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi, kwa hiyo watakaomfukua ni ninyi mlio naye.

Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo hiyo hiyo kila mtu anataka kuipanda. Soma taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotabiri hatari ya maporomoko, asubuhi. Mlimani apande mmoja, wengine wasubiri pembeni, pikipiki zikielekea njia ya kutokea. Mwenzako akikwama katikati ya mteremko, usimfuate: mtakuwa wawili chini ya uzito ule ule. Ashuke, aikanyage theluji ya upande wa juu mpaka igande, avute ski kuielekeza bondeni, kisha abonyeze mafuta kidogo kidogo. Mkanda ukianza kuchimba, aachie palepale.