Dawa za kipara kwa kijana: ipi ununue kwanza, ipi usubiri, ipi uachane nayo

Kabla sijapanga chochote niseme hiki maana ndicho kinachowamaliza vijana hela, kwenye hii biashara hununui chupa, unanunua miaka. Dawa mbili zinazofanya kazi kweli, finasteridi na minoksidili, ukiziacha tu, ndani ya miezi kadhaa mpaka mwaka hivi nywele ulizookoa zinaondoka na unarudi pale pale ambapo ungefika kama usingetumia kitu. Kwahiyo ukiona bei ya kopo moja izidishe mara 12, alafu jiulize kama mwakani na mwaka wa mbele yake bado utaiweza, ikikushinda hesabu hapo bora ujue mapema kabla hujaanza.

Mi nilistuka nikiwa na miaka 22, kwenye picha ya mtu mwingine, niko nyuma kabisa nimeinamisha kichwa na utosi unang'aa. Nilichofanya ni kile wanachofanya wote, kununua shampuu. Nimemaliza chupa nne za shampuu ya "kuzuia kukatika" na zote zilikuwa zinaosha nywele vizuri tu, basi.

Alafu hakikisha kwanza ni kipara cha kurithi ndo unachotibu. Hicho kina tabia yake, kinakula pembe mbili za paji na utosi, huku pembeni na kisogoni nywele zinabaki nzito kama kawaida, na zinazopungua huwa zinakuwa nyembamba na fupi kwanza kabla hazijapotea. Ikiwa zako zimetoka mabaka ya mviringo, au kichwa kinawasha na kina magamba kama mapunye, au zinaisha ukingoni kwenye mistari kwasababu umesuka kwa kukaza miaka mingi, hivyo ni vitu vingine na dawa zake ni nyingine. Homa kali, operesheni au kukonda ghafla navyo vinaweza kuangusha nywele nyingi miezi miwili mitatu baadae, na mara nyingi zinarudi zenyewe. Daktari wa ngozi akikuangalia dakika kumi anakuokolea hela ya mwaka mzima. Na usihesabu nywele kwenye taulo, kudondosha 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu.

Namba 1: kidonge cha finasteridi, 1 mg

Naiweka juu japo ndio inayoogopwa zaidi. Sababu ni rahisi, kipara hiki kinaletwa na homoni inaitwa DHT, ambayo mwili unaitengeneza kutoka kwenye testosteroni, na vishina vya nywele za mbele na utosini kwa waliorithi haviivumilii, vinasinyaa kidogo kidogo. Finasteridi inabana kile kimeng'enya kinachoitengeneza. Wazo lenyewe lilipata nguvu mwaka 1974, watafiti walipoandika kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika ambazo watoto wao wa kiume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, wakaja kuwa watu wazima wenye tezi dume ndogo na hawana upara. Dawa ikapitishwa Marekani 1992 kwa tezi dume, kidonge cha 5 mg, na 1997 ikapitishwa ya 1 mg kwa nywele.

Kwenye majaribio ya miaka miwili kwa wanaume waliokuwa wanapungukiwa utosini, waliopoteza nywele kwenye eneo lililohesabiwa walikuwa 17 katika kila 100 kwa waliokunywa dawa, na 72 katika 100 kwa waliopewa kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani. Hamna shampuu wala mafuta yenye namba kama hizo. Ila ieleweke kazi yake kubwa ni kuzuia, kuotesha ni nyongeza, na pembe za mbele ni ngumu kuliko utosi. Ndo maana aliyeanza mapema anaonekana kabahatika na aliyesubiri mpaka kimebaki kiwanja anasema dawa ni utapeli.

Sasa lile la jogoo kugoma kuwika. Lipo kweli ila ni la wachache, kwenye majaribio ya miezi 12 waliolalamika mambo ya kitandani walikuwa 3.8 katika 100, na kwenye kidonge bandia 2.1. Kwa wengi linaisha wakiacha dawa, ila wapo walioripoti kwamba limeendelea hata baada ya kuacha, na mi siwezi kumwambia mtu anaota. Linaloniogopesha mimi zaidi ni kichwani ndani, mwaka 2025 shirika la dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni athari inayoweza kutokea kwa vidonge hivi. Kama umewahi kupambana na sonona mwambie daktari kabla hujameza cha kwanza, na ukianza alafu moyo ukawa mzito bila sababu acha urudi kwake siku hiyo hiyo.

Mambo ya ununuzi: ni dawa ya cheti, na isiyo na jina kubwa ina kiungo kile kile kwa hela kidogo sana. Wapo wanaopewa vya 5 mg wanagawa vipande vinne, inapunguza gharama kweli ila muulize daktari wako, na kama nyumbani kuna mwanamke mjamzito usikate kabisa, hatakiwi kugusa kidonge kilichovunjika maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kuchangia damu pia subiri mwezi tangu umeacha.

Kuna kaka yake anaitwa dutasteridi, anashusha DHT zaidi, Korea Kusini na Japani wamempitisha kwa kipara. Ila anakaa mwilini miezi, maana yake ukipata athari nayo inakaa. Sio ya kuanzia.

Namba 2: minoksidili ya kupaka, 5%

Ukiogopa kidonge, au daktari akikukatalia, anzia hapa. Hii ilikuwa dawa ya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka sehemu wasizotaka, na 1988 ya kupaka ikapitishwa Marekani kwa upara wa wanaume. Haigusi DHT hata kidogo, inakisukuma kishina kikae kwenye hali ya kukuza nywele muda mrefu zaidi. Ndo maana hizi mbili zinaenda vizuri pamoja, moja inazuia mwizi, nyingine inalima.

Nunua 5%, achana na 2%, kwa wanaume ya 5% iliotesha wazi zaidi kwenye majaribio ya wiki 48. Maji au povu? Maji ni nafuu ila mengi yana propileni glaikoli inayowasha watu na kuacha ngozi na unga unga kama mba, povu kwa kawaida halina hicho kitu na linakauka haraka. Mwenye kichwa kisichowashwa achukue maji tu. Kipimo ni mililita 1 asubuhi na 1 usiku, kwahiyo chupa ya mililita 60 ni ya siku 30, muuzaji akikwambia inamaliza miezi mitatu ujue anakufundisha kupaka kidogo. Inapakwa kwenye ngozi ya kichwa, sio kwenye nywele, hapo wengi wanakosea wanalowanisha afro.

Alafu kuna mtego. Wiki ya pili mpaka ya nane hivi nywele zinaweza kudondoka zaidi ya mwanzo, zile za zamani zinasukumwa zitoke zipishe mpya. Mi niliacha wiki ya sita, nikatupa chupa nusu nikamtukana na muuzaji, nikaja kurudi mwaka uliofuata nimeshapoteza sentimita nyingine mbili za pembe. Usihukumu kabla ya miezi minne mpaka sita. Piga picha mara moja kwa mwezi, taa ile ile, nywele kavu, kila siku kwenye kioo utajitia wazimu bure.

Na kama unafuga paka soma hapa mara mbili, minoksidili hata kidogo inaweza kuua paka, akikulamba kichwa au akilalia mto wako. Mwenye paka asinunue, au alale mlango umefungwa.

Ipo pia ya kunywa kwa dozi ndogo, madaktari wengi sasa wanaandika japo haijapitishwa rasmi kwa nywele. Inaweza kuvimbisha miguu, kuharakisha moyo na kukuotesha manyoya mgongoni, kwahiyo hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, usijinunulie.

Namba 3: mashine ya kunyolea

Sitanii. Inanunuliwa mara moja, haina athari, na kipara cha kupungua kinaonekana zaidi nywele zikiwa ndefu kuliko zikiwa fupi kabisa. Hata kama unatumia hizo mbili juu nunua, miezi sita ya kusubiri ni mirefu. Ila ukiwa na nywele za kipilipili na ngozi ya kisogo inayotoa vipele usikwangue na wembe, acha zibaki milimita moja, vile vipele vikizoea vinageuka makovu magumu.

Za kujazia tu, ukiwa na hela ya ziada

Shampuu ya ketokonazoli 2% (dawa ya fangasi) mara mbili kwa wiki, nzuri sana kama una mba, kwa kipara ushahidi wake ni mwembamba. Rola ya sindano nayo inaweza kuisaidia minoksidili, ila ni ya kutoboa ngozi, haiazimwi, na minoksidili haipakwi siku hiyo hiyo umetoboa maana inaingia kwenye damu zaidi. Mwenye mwili wa kutoa keloidi asiiguse. Kofia za leza na sindano za damu yako mwenyewe wapo wanaofaidika, ila kwa bei yake unapata miaka ya namba 1 na 2, na sindano nazo zinarudiwa.

Kupandikiza: subiri

Hapa ndo vijana wanapoharibikiwa vibaya. Nywele za kisogoni zinahamishwa mbele, na hazizaliani, kinachotolewa kisogoni kimetoka. Ukipandikiza na miaka 21, ukachora laini ya nywele chini kwenye paji kama ya mtoto, na hutumii dawa, nywele zako za asili nyuma ya hiyo laini zinaendelea kuondoka, baada ya miaka kumi una kisiwa mbele na jangwa nyuma na kisogo kimeshachotwa. Daktari asiyekuuliza kuhusu dawa, wala upara wa ukoo wenu, anayekuhesabia tu vipandikizi kwa bei ya jumla, ondoka. Subiri uwe angalau umetulia kwenye dawa mwaka mmoja.

Za kuacha dukani

Mafuta ya kitunguu, ya nyonyo, mchanganyiko wa "siri", yanalainisha nywele zilizopo na hiyo ndo kazi yake. Biotini haisaidii kama huna upungufu, na upungufu wenyewe ni nadra, tena dozi kubwa inavuruga vipimo vya damu, vya tezi ya shingo na hata kile cha mshtuko wa moyo, kwahiyo kama unakunywa mwambie anayekupima. Na chupa yoyote isiyoandika kiungo na asilimia yake, hata kama muuzaji ana picha mia za kabla na baada, irudishe kwenye shelfu.