Gari la mbao la mtoto kuchezea: mabaki ya paini au ya mninga?

Kwa maseremala wa Mwanza, mabaki ya paini unaokota tu. Ya mninga fundi huyabania, maana hata kipande kifupi kina kazi yake. Paini hukatika kwa msumeno wa mkono na hupigwa msasa upesi. Mninga unataka subira: toboa kwanza kwa keekee, la sivyo msumari unapinda au ubao unapasuka, na vumbi lake linawasha pua (ziba uso!). Ila kwenye vilima vya mawe vya huku kwetu, magurudumu ya paini humegeka mapema. Yakilowa ziwani bila rangi, huoza, mninga hustahimili.

Mtoto anayejifunza kukata mwenyewe, mpe paini. Ukitaka gari litakalorithiwa na wadogo zake, omba mninga. Mimi huchanganya: bodi paini, magurudumu mninga.