Nimebadilishiwa buti la draivu shafti hapa Dodoma, na hasira haijanitoka

Nilikuwa nimepanga kuandika maneno machache ya shukrani. Siku ile nilipoondoka kwenye gereji hiyo, ambayo iko upande wa Majengo na ambayo sitaitaja jina, nilikuwa nimeridhika kiasi cha kuwaambia wenzangu ofisini kwamba kazi ya buti imekwisha kwa muda usiozidi saa mbili, tena kwa bei ambayo mtumishi wa kawaida anaimudu. Leo naandika nikiwa na moyo mwingine kabisa, na namwomba msomaji anivumilie iwapo maneno yatakuwa makali, kwa sababu kila ninapokata kona ya kuingia nyumbani kwangu Nkuhungu namkumbuka yule fundi na jibu alilonipa.

Gari langu ni Toyota Spacio, na kama yalivyo magari mengi madogo tunayoyaendesha hapa nchini, linavutwa na matairi ya mbele. Draivu shafti ni ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye tairi, na kila moja ina jointi mbili, yaani viungo vinavyoiruhusu kupinda: ya ndani, inayoingia kwenye gia boksi, na ya nje, inayokaa kwenye tairi. Hii ya nje ndiyo inayopata taabu zaidi, kwa kuwa inalazimika kuzunguka huku imepinda kila dereva anapogeuza usukani. Buti ni ule mpira mweusi wenye mikunjo unaoifunika, na kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Likichanika, grisi inarushwa nje kwa mzunguko wa tairi, na mchanga unaingia kuchukua nafasi yake. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, na miezi inayobaki tunaishi na upepo na vumbi; mtu anayeishi mitaa isiyo na lami anaupeleka mchanga huo kila siku moja kwa moja chini ya gari lake.

Aliyenigundulia tatizo ni kijana anayeosha magari. Aliniita nikaone grisi nyeusi iliyotapakaa ndani ya ringi ya mbele kushoto na kupanda hadi kwenye shokapu, kana kwamba mtu amechovya brashi na kuipukuta. Aliingiza mkono, akaufungua mkunjo mmoja wa buti kwa kidole gumba, na ufa ukaachama kama mdomo. Hiyo ilikuwa baada ya Pasaka, katikati ya mwezi, na nakiri wazi kwamba niliendelea kuliendesha gari kwenda Mtumba na kurudi kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, nikisubiri mshahara. Nalisema hili mapema kwa sababu litakuja kutumika dhidi yangu baadaye.

Nikiri pia kwamba fundi yule anaijua kazi yake ya mikono. Sikuona akibahatisha. Alifungua nati kubwa ya katikati, akaachia bol jointi, yaani kiungo kinachoishika tairi na mkono wake wa chini, akaichomoa shafti bila kuharibu sili ya gia boksi, na alipoigonga jointi ya nje kwa nyundo ilitoka kwa mapigo matatu tu, jambo ambalo nimewahi kuona mafundi wengine wakilifanya kwa nusu saa ya kupiga kelele na kutoa lawama. Buti nililonunua lilikuwa zima, halikuwa lile la kupasuliwa ubavuni na kuunganishwa kwa gundi, ambalo huwekwa na watu wasiotaka kufungua shafti. Lilikuja na klampu zake, yaani mikanda ya kulibana, na kipakiti cha grisi nyeusi ya jointi, na klampu hizo alizitumia; hakunifungia kwa waya wa nondo wala kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kama wafanyavyo wengi. Kabla ya kuikaza ile klampu ndogo, aliingiza ncha ya bisibisi chini ya mdomo wa buti ili upepo uliobanwa ndani utoke na mikunjo ikae sawasawa. Fundi anayekumbuka kutoa upepo ni fundi aliyefundishwa vizuri. Ndiyo maana jambo nililoliona kabla ya hapo linanichoma zaidi, kwa sababu siwezi kulisamehe kwa kusema kwamba hakujua.

Baada ya kuitoa jointi aliishika kiganjani, imejaa grisi ya zamani. Nilikuwa nimesimama karibu, umbali wa mkono mmoja. Nilichukua grisi kidogo kwa kidole, nikaisugua na kidole gumba, na nilizisikia chenga za mchanga waziwazi, kama unavyozisikia kwenye mchele usiopembuliwa. Kwenye benchi, hatua tatu kutoka pale, palikuwa na dumu lililokatwa nusu lenye mafuta ya taa, na ndani yake brashi ya rangi iliyoisha manyoya. Kijana msaidizi, ambaye hata mwaka wa ishirini sidhani kama ameufikisha, alilinyanyua dumu lile na kulisogeza kwa fundi bila kuambiwa. Fundi alimpungia mkono alirudishe. Kisha akachukua kipande cha fulana kuukuu, akaipangusa jointi kwa nje, akazungusha kitambaa mara moja kwenye mdomo wake, na akaanza kukamulia grisi mpya juu ya ile ya zamani.

Nilimwuliza kwa adabu. Maneno yangu yalikuwa haya: "Fundi, samahani, hii haioshwi kwanza?"

Hakuinua uso. Alijibu, "Mama, mchanga wa Dodoma hauna dawa. Wewe kaa pale kwenye benchi, nikimaliza nitakuita."

Mafundi wawili waliokuwa kwenye gari la jirani walicheka, na mimi nikaenda kukaa. Jambo hilo la kwenda kukaa ndilo linaloniamsha usiku. Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, gari nimelinunua kwa mkopo ambao bado naulipa, na mchanga nilikuwa nao kwenye ncha ya kidole, lakini nilinyamazishwa kwa sentensi mbili na nikatii kama mtoto aliyeambiwa asiingilie mazungumzo ya wakubwa. Nilijifuta kidole changu kwenye karatasi, nikalipa shilingi 20,000 za ufundi mbali na bei ya buti, na nikasema asante.

Gari lilitulia. Niseme kweli, lilitulia kiasi kwamba nilianza kudhani mimi ndiye niliyekuwa mkorofi, na hapo ndipo nilipowasifia kazini. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, upepo umeanza, wakati niliposikia kwa mara ya kwanza mlio ule ambao kila mmiliki wa gari la aina hii anauogopa. Nilikuwa nakata kona kali ya kuingia mtaani kwangu, usukani umefika karibu na mwisho, na upande wa kushoto ukaanza kulia kakaka, kakaka, kwa mpigo uliofuata mzunguko wa tairi. Niliponyoosha usukani ukanyamaza. Nilirudi nyuma, nikakata tena, ukalia tena.

Kesho yake jioni nilikwenda gereji. Fundi alinikumbuka, na sikatai kwamba alilishughulikia gari papo hapo bila kunisubirisha. Aliliinua kwa jeki, akaligeuza tairi, akaligusa buti pande zote na kunionyesha kwamba ni zima, klampu zimekaza na hakuna tone la grisi lililotoka. Yote hayo yalikuwa kweli. Halafu akasema, "Buti lako halina tatizo, mama. Jointi ndiyo ilikuwa imeshakufa tangu ulipoileta. Uliliendesha limechanika."

Hapo nilikwama, kwa sababu kuna uwezekano kwamba anasema kweli. Niliendesha siku zile zote nikisubiri mshahara, kutoka Nkuhungu hadi Mtumba, tairi likila mchanga. Jointi ya nje ina gololi zinazotembea kwenye mifereji iliyochongwa kwa ustadi mkubwa, na grisi ikishakuwa na mchanga inageuka kuwa kitu cha kusagia. Kila kilomita inachimba. Inawezekana kabisa kwamba mifereji ile ilikuwa imeshalika kabla hata sijafika kwake. Kwa muda wa siku mbili hivi nilikubali kosa, na kama ningeandika wakati huo ningesema gereji haina lawama, tatizo ni la mwenye gari aliyechelewa.

Lakini nimeligeuza jambo hili pande zote na kila upande linarudi kwake. Kama jointi ilikuwa nzima siku ile, basi aliiua mwenyewe kwa kuufungia mchanga ndani ya buti jipya na kuukaza kwa klampu ili usitoke. Kama ilikuwa imeshakufa, alipaswa kuliona hilo akiwa ameishika kiganjani, kwa kuwa jointi ikishaoshwa unazigeuza gololi moja baada ya nyingine na kuangalia mifereji kwenye mwanga, nayo inakuambia yenyewe iko katika hali gani. Asingeweza kuona kitu kwa sababu hakuiosha. Kwa hiyo ama aliniharibia jointi, ama aliniuzia ufundi wa kuvalisha buti jipya kwenye jointi iliyokwisha, na vyote viwili vilitokana na dumu moja la mafuta ya taa alilokataa kulisogelea. Nilimwambia hivyo, safari hii bila kusema samahani. Akanijibu kwamba anayetaka kuoshewa jointi aseme kabla ya bei kukubaliwa. Nilikuwa nimesema. Alinipeleka kwenye benchi.

Nilipokuwa naondoka yule kijana msaidizi alinifuata hadi kwenye gari. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile dumu alilileta. Nilimwambia nilimwona. Alisimama kidogo kana kwamba ana neno jingine, halafu akaitwa akarudi. Kwa ajili ya kijana huyo nilitaka kulainisha hukumu yangu, kwa sababu gereji yenye mtu wa namna ile haiwezi kuwa mbaya yote. Kisha nikafikiria atakachojifunza pale akikaa mwaka mmoja zaidi, kwamba jointi inapanguswa kwa fulana na mteja anayeuliza anapelekwa kukaa, na hasira ikapanda kuliko mwanzo.

Kazi ya pili niliipeleka Chang'ombe, kwa fundi mwingine niliyeelekezwa na jirani. Ni mzee, anafanya kazi polepole mno, na siku ile alinipotezea karibu mchana mzima, jambo ambalo kwa kawaida lingenifanya nilalamike. Aliponifungulia buti, grisi iliyokuwa ndani haikuwa nyeusi tena, ilikuwa ya kijivu, nzito kama uji wa majivu. Aliitumbukiza jointi kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi, akaipuliza kwa upepo wa kompresa, akarudia, kisha akaniita nije niangalie. Gololi zilikuwa sita, na mbili kati yake zilikuwa zimepoteza mng'ao na kuwa na madoa madogo kama yaliyodonolewa. Kwenye mifereji, ukipitisha ukucha, ulikwama. Nilimwuliza kama anaweza kunieleza uharibifu ulitokea lini, kabla au baada ya buti kubadilishwa. Akasema hawezi, na kwamba fundi atakayeniambia anaweza ananidanganya. Nilimshukuru kwa jibu hilo ingawa halikuwa lile nililolitaka.

Nilinunua jointi mpya ya nje, ambayo iliniuma mfukoni mara tatu na zaidi ya bei ya buti, na sasa upande wa kushoto uko kimya hata nikikata kona hadi mwisho wa usukani. Anayeniuliza kama aipeleke kazi yake kwenye gereji ile ya kwanza, jibu langu linategemea siku anayoniuliza. Kwa kuchomoa shafti, kukaza nati na kuvalisha buti, wako vizuri na bei yao ni ya haki, na nisingesema uongo kuhusu hilo hata kwa mtu ninayemchukia. Kwa kazi hii ambayo nusu yake ni usafi, asiende. Au aende, lakini kabla jeki haijainuliwa aseme kwa sauti kwamba jointi ioshwe mbele ya macho yake, na akiambiwa akakae kwenye benchi asiende kukaa.

Buti la upande wa kulia nalo limeanza kuonyesha nyufa ndogo kwenye mkunjo wa pili kutoka kwenye tairi. Grisi bado haijatoka. Nimepapasa kwa kidole kila Jumamosi na kidole kimetoka kikavu. Safari hii sisubiri lichanike. Buti nimeshalinunua, liko kabatini na klampu zake, na mwisho wa mwezi nalipeleka gari Chang'ombe kwa yule mzee, ambaye ameshaniambia nije asubuhi na mapema na nisiwe na safari nyingine siku hiyo.