Tangi la lita 20 "la beta na vyura": nyota tatu, baada ya miezi minane

Kwenye boksi kuna picha ya samaki beta mwekundu aliyekunjua mapezi, na chini yake chura kibete ametulia juu ya changarawe kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Picha hiyo ndiyo iliyoniuzia tangi. Nimekaa nalo miezi minane, nikiwa na beta mmoja, Sultani, na vyura watatu ambao leo ni wawili. Walikuwa Mosi, Pili na Tatu. Mosi nitamfikia.

Nianze na sifa, maana hazitachukua muda. Kioo ni safi na maungio hayajavuja hata tone. Hita ya wati 25 ndiyo kifaa bora kuliko vyote humo ndani: kipimajoto nilichojinunulia mwenyewe (seti haina, sijui kwa nini) hakijawahi kuonyesha chini ya 25 wala zaidi ya 26. Beta na vyura vibete wote wanataka nyuzi 24 hadi 27, na hapo kweli wanaelewana. Beta asili yake ni maji ya kina kifupi na ya polepole huko Thailand, na chura huyu, Hymenochirus, ni wa vijito na madimbwi ya misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Wote hawapendi maji yanayokwenda mbio, na wote hupanda juu kuvuta hewa. Chura akishakua hana matamvua, ana mapafu, kwa hiyo asipofika juu anazama kama wewe na mimi.

Sasa mtengenezaji anayejua hayo anawekaje chujio lile? Linaning'inia ukingoni na kumwaga maji kama bomba lililosahauliwa wazi. Siku ya kwanza Sultani alijibanza kwenye kona na mapezi yake yamekunjwa upande mmoja. Vyura walikuwa wakiogelea kwenda juu, wakishikwa na mkondo, wanazungushwa na kurudishwa chini kabla hawajapumua vizuri. Nilizima siku hiyohiyo, nikanunua chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Tangu hapo kila mtu ametulia.

Kijitabu cha maelekezo kinasema jaza maji, weka dawa ya kuondoa klorini, subiri saa 24, kisha ingiza wanyama. Dawa ni sawa, tena ni lazima, kwa sababu ngozi ya chura inafyonza kila kilichomo majini. Lakini saa 24 ni mzaha. Bakteria wanaogeuza amonia (sumu ya kinyesi na chakula kilichooza) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nitriti kuwa nitreti isiyo kali, huchukua wiki kadhaa kujijenga ndani ya sponji. Nilipoharibikiwa na chujio la kwanza nilishawatoa wote, nikawaweka kwenye beseni lenye mfuniko na kuwabadilishia maji kila siku, huku tangi likiendelea kuiva na chembe za chakula zikioza humo. Wiki tano. Nilirudisha wanyama pale vipimo vya amonia na nitriti viliposoma sifuri siku tatu mfululizo.

Kijitabu hichohicho, ukurasa wa nne, kina picha ya "chura kibete" ambaye si kibete. Tazama mikono yake ya mbele: vidole vimeachana, havina utando, na macho yapo juu ya kichwa. Huyo ni Xenopus laevis, chura mkubwa wa aina nyingine. Anakua kupita sentimita 10 na atammeza beta wako akishamudu kumwingiza mdomoni. Kibete wa kweli ana utando kwenye miguu yote minne, macho ubavuni mwa kichwa, na haendi mbali na sentimita nne. Mtu akienda kununua kwa kufuata picha ile, atalea muuaji bila kujua.

Changarawe niliitupa. Chura huyu hana ulimi. Anafungua mdomo na kufyonza, na kipunje cha changarawe kinaingia pamoja na chakula. Mchanga laini umetatua hilo.

Na kifuniko. Nyuma kina tundu la kupitishia nyaya, upana wa vidole vyangu vitatu. Wiki ya pili baada ya kuwarudisha, asubuhi, nilihesabu vyura wawili. Nikafukua mchanga, nikainua chungu, nikatazama ndani ya sponji. Kijana wangu wa miaka tisa ndiye aliyemkuta Mosi nyuma ya kabati, amekauka kama jani. Kwa tundu hilo peke yake nimepunguza nyota moja.

Watu huniuliza kama beta hawaui vyura. Wako beta wakorofi, na chombo cha akiba cha kuwatenganisha ni lazima kiwepo. Sultani alimfuata Pili siku mbili, akamchoka. Kilichoniumiza kichwa ni chakula. Seti inakuja na kopo la vidonge vinavyoelea, eti vya wote. Beta anavila kabla havijalowa. Vyura hata hawajui vimeingia, maana macho yao ni dhaifu na wanatafuta kwa kunusa, huko chini, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani bila miwani. Tatu anaweza kusimama mbele ya mnyoo dakika nzima ndipo auvamie, na mara nyingi anaukosa. Baada ya wiki tatu Sultani alikuwa na tumbo kama gololi na vyura wamebaki mifupa.

Siku hizi nafanya hivi. Sultani anapewa vidonge vyake viwili upande wa hita, taa ikiwa inawaka. Halafu nazima taa. Ndani ya chungu kidogo chenye mdomo mwembamba, ambao mapezi ya Sultani hayapiti kirahisi, nashusha mabuu mekundu ya visubi yaliyogandishwa na kuyeyushwa, kwa koleo refu. Vyura wamejifunza, wakisikia koleo linagonga chungu wanajipanga. Mara moja kila baada ya siku mbili inatosha. Mara moja Pili aliparamia mkia wa Sultani akidhani ni mnyoo, na tundu dogo likabaki kwenye pezi kwa wiki kadhaa. Mwenye kosa alionekana kushangaa zaidi kuliko aliyeng'atwa.

Boksi linasema beta mmoja na vyura wanne. Kwa lita 20, wawili wamejaza. Kama ningeanza upya ningechukua tangi la lita 40, lisilo refu sana kwenda juu, na vifaa ningevinunua kimoja kimoja.

Hakuna mahali kijitabu kinaposema unawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa maji ya tangi. Kati ya 2009 na 2011 mlipuko wa salmonela, bakteria wa kuharisha, nchini Marekani ulihusishwa na vyura hawahawa, na wagonjwa wengi walikuwa watoto. Mstari mmoja tu ungetosha.

Usiku wa juzi kijana wangu alikuja kuniamsha: "Baba, pampu inalia." Nikaenda na tochi. Pampu ilikuwa salama. Ni Tatu, ana vivimbe viwili vidogo nyuma ya makwapa, alama ya dume, amejishikiza kwenye mmea akiguna mfululizo. Sultani alikuwa amelala juu ya jani lake. Tundu la kifuniko nimeliziba kwa wavu wa soksi kuukuu na gundi. Sura yake mbaya, ila nikihesabu asubuhi bado ni wawili.