BYD Atto 3: wiki za kwanza nikiwa nayo Nairobi

Kilichoniteka kwenye gari hili la umeme si kasi, ni mteremko wa kwenda Mai Mahiu. Ukiinua mguu, mota inageuka jenereta: gari linajizuia lenyewe na chaji inapanda badala ya kushuka. Raha sana! Kurudi ni kupanda, na zile kilomita 420 kwa chaji moja za vipimo vya Ulaya usizihesabu mlimani. Nyumbani nalichomeka usiku kwenye stima ya kawaida, na asubuhi lina chaji tele ya kunifikisha Thika kazini na kunirudisha. Nyuma wanakaa watatu bila kubanana, na wanangu hawaachi kupiga nyuzi zilizotandwa kwenye mifuko ya milangoni kama gita. Ila karibu na soko nendeni polepole, maana wapita njia hawalisikii likija.